Tumemnyima uwanja, kisha tunamhukumu kwa sketi

Jumamosi ya tarehe 15 Julai, 2023 nilikuwa mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, nyumbani kwa mdogo wangu wa kike. Nilikuwa nimetoka Mwanza kwa basi kupitia Lamadi kwa ajili ya harusi ya mtoto wa jirani yao. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba, mji una pilikapilika na vumbi la kiangazi limetanda. Tulipotoka kuswali Alasiri tukakuta vijana wa nyumba wamewasha televisheni. Ilikuwa inaonyeshwa fainali ya wanawake ya mashindano ya tenisi ya Wimbledon kule London, Ons Jabeur wa Tunisia akipambana na Markéta Vondroušová wa Jamhuri ya Czech.

Sitaki kudanganya kwamba sisi ni mashabiki wa tenisi. Watu wa Bariadi wanajua mpira wa miguu, mbio za baiskeli na ngoma za Bagika na Bagalu. Lakini kijana mmoja alipotamka kwamba huyo dada wa Tunisia ni Mwislamu, sebule nzima ikanyamaza na kutazama.

Kimya hakikudumu. Mzee mmoja tuliyetoka naye msikitini akauliza, "Huyu naye ni Mwislamu? Mbona mapaja yako nje?" Kijana akamjibu, "Mzee, huyu ni dada yetu. Akishinda huyu tumeshinda Waislamu wote, na Afrika nzima." Ukazuka ubishi. Mpaka mchezo unamalizika hakuna aliyekuwa anautazama mpira tena, kila mtu alikuwa anatetea upande wake.

Jabeur akafungwa seti mbili kwa bila, 6-4 na 6-4. Akalia mbele ya umati, na baadaye akasema kwamba hicho ndicho kipigo kilichomuuma kuliko vyote alivyowahi kupata. Mzee akasema, "Mwenyezi Mungu kamwonyesha." Kijana akanuna kama aliyefiwa. Mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, hakusema lolote kuhusu mchezo. Alinitazama mimi tu akaniambia, "Kaka, unaikumbuka ile fomu?"

Nitairudia habari ya fomu hiyo. Kwanza nimalizie ya siku ile. Baada ya Isha shemeji yangu alinitolea karatasi iliyotoka shuleni kwa binti yake aliyekuwa kidato cha pili. Binti amechaguliwa katika timu ya netiboli ya shule, wanatakiwa kwenda Maswa kwa mashindano ya siku nne, na mzazi anatakiwa kutia saini. Mama yake amekubali. Baba anaogopa mavazi, anaogopa malazi, anaogopa maneno ya watu. Akasema, "Shemeji, wewe ndiye mjomba wake na umesoma. Sema neno moja tulifuate." Nikamwomba anipe usiku ule nifikiri. Makala hii ni yale niliyoyafikiri, na mengine niliyoyaongeza tangu siku ile.

Hebu tumwangalie kwanza huyo tuliyekuwa tunambishania. Ons Jabeur alizaliwa tarehe 28 Agosti, 1994 katika mji wa Ksar Hellal, akakulia Sousse. Mama yake ndiye aliyempeleka kwenye tenisi akiwa na umri wa miaka mitatu. Alijifunzia katika viwanja vya mahoteli ya watalii. Alipofika miaka 12 akahamia Tunis kusoma katika shule ya serikali ya wanamichezo. Mwaka 2011, akiwa na miaka 16, akachukua ubingwa wa wasichana wa mashindano ya Ufaransa.

Watu wakadhani ameshafika. La hasha. Kutoka ubingwa ule wa wasichana mpaka alipochukua taji lake la kwanza kubwa la wanawake wa kulipwa, Birmingham mwezi Juni 2021, ilipita miaka kumi. Miaka kumi ya kusafiri, kuumia, kufungwa na kuanza upya. Hakuna mwanamke wa Kiarabu aliyewahi kulichukua taji la ngazi hiyo kabla yake. Mwaka 2022 akashinda Madrid, akapanda hadi nafasi ya 2 duniani, akacheza fainali ya Wimbledon na ya Marekani, na zote akafungwa. Mwaka 2023 akarudi tena Wimbledon, ndiyo hiyo tuliyoiona Bariadi.

Mwezi Novemba mwaka huo, akiwa Cancun nchini Mexico, alimfunga yule yule Vondroušová. Badala ya kushangilia alilia kwa ajili ya watoto wa Palestina, akasema sehemu ya fedha alizoshinda atawapelekea Wapalestina. Julai 2025 alitangaza kupumzika, akieleza kwamba kwa muda hakuwa na furaha uwanjani. Baadaye mwaka huo akatangaza kwamba anatarajia mtoto.

Sasa tujiulize. Katika habari yote hiyo, sisi tuliokuwa sebuleni tuliingia wapi? Yule kijana alitaka ushindi wake uwe wetu. Yule mzee alitaka kushindwa kwake kuwe adhabu. Mmoja alimfanya bendera, mwingine alimfanya onyo. Hakuna aliyemwona kama mtu aliyekesha miaka ishirini na zaidi akiitafuta kazi yake. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumnunulia mwanamke yeyote wa Kiislamu kiatu cha michezo.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Swali la kimaadili ambalo tumelizoea ni hili: je, binti huyu amevaa inavyopasa? Ni swali halali. Suala la sitara halina mjadala kwangu, na sikuandika makala hii ili nihalalishe sketi fupi. Lakini lipo swali jingine linalopaswa kutangulia, nalo tunalikwepa: sisi tunaotoa hukumu, tumempa nini ili aweze kutekeleza hicho tunachomdai?

Kadhia hii haikuanza na Jabeur. Mwaka 2005 kule India, Sania Mirza, binti wa Kiislamu wa Hyderabad, alikuwa na miaka 18 alipofika raundi ya nne ya mashindano ya Marekani. Kabla watu hawajamaliza kufurahi, mwanachuoni mmoja akatoa fatwa dhidi ya mavazi yake, na ikabidi polisi wamlinde alipokwenda kucheza Kolkata. Vyombo vya habari vya dunia vikaipokea fatwa ile kwa shangwe, maana hakuna habari wanayoipenda kama ya shekhe anayemfokea msichana. Sania akaendelea kucheza. Mwaka 2015 akawa namba moja duniani katika mchezo wa wawili wawili. Alipostaafu mwezi Februari 2023 pale Dubai, alikuwa na mataji makubwa sita, akiwa pia mama wa mtoto aliyezaliwa mwaka 2018.

Sijui ni nani aliyenufaika na kelele zile. Je, kuna mwanamke mmoja aliyejisitiri zaidi kwa sababu yake? Je, baada ya fatwa palijengwa uwanja wa wanawake, au palishonwa vazi la heshima la kuchezea, au palitolewa fedha kwa mabinti wanaotaka kucheza wakiwa wamejifunika? Aliyekuja kufungua chuo cha kufundishia vijana tenisi pale Hyderabad, mwaka 2013, ni Sania mwenyewe.

Tuje karibu na kwetu. Jirani zetu Kenya wanaye Angella Okutoyi, aliyezaliwa Januari 2004. Mama yake alifariki wakati wa kujifungua, na Angella na pacha wake wakalelewa na bibi yao Nairobi. Januari 2022, kwenye mashindano ya vijana ya Australia, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika mashindano makubwa ya vijana. Julai mwaka huo huo yeye na mwenzake wa Uholanzi, Rose Marie Nijkamp, wakachukua ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili. Machi 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra.

Yatima huyu hakufika huko kwa kipaji peke yake. Bibi alimlea. Shirikisho la tenisi la dunia na la Afrika wakampa nafasi katika kituo chao cha mafunzo nchini Morocco. Chuo kikuu cha Auburn kule Marekani kikampokea asome huku akicheza. Vivyo hivyo Jabeur alikuwa na mama na shule ya serikali, na Sania alikuwa na baba yake aliyekuwa mwalimu wake wa mwanzo. Ukimwona binti amesimama mahali pa juu, ujue yupo mtu aliyebeba gharama. Na huyo aliyebeba gharama ndiye sauti yake inayosikika pale binti anapoamua avae nini, acheze na nani na aende wapi. Sisi tuliokaa pembeni tunakuja mwishoni na fimbo, kisha tunashangaa kwamba hatusikilizwi.

Katika dini yetu mfano mzuri upo. Imepokewa kwamba Mtume (SAW), akiwa safarini na Bi Aisha (RA), alishindana naye mbio, na Bi Aisha akamshinda. Baada ya muda, Bi Aisha alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena na safari hii Mtume akashinda, akamtania kwamba hiyo ni kwa ile ya kwanza. Masheikh wetu huisimulia habari hii kwenye mawaidha ya ndoa, watu wakacheka na kwenda nyumbani. Lakini ndani yake imo jambo ambalo aghalabu tunalipita. Katika mapokezi mamoja inaelezwa kwamba Mtume aliwaamuru watu watangulie mbele kwanza, ndipo akamwita mkewe washindane.

Tuzingatie hapo. Sitara ya Bi Aisha ilikuwa jambo la kuangaliwa, na Mtume aliiangalia. Lakini hakuiangalia kwa kumwambia mkewe akae kitako. Aliiangalia kwa kuandaa mahali. Msafara mzima ulisogezwa ili mwanamke mmoja apate nafasi ya kukimbia. Sisi tumechukua nusu ya funzo hilo. Tunajua sana kumwambia binti asikimbie. Kusogeza msafara hatujui.

Najua kuna ndugu watanijibu kwa kanuni ya kuziba njia zinazopeleka kwenye maovu. Watasema netiboli ya leo ni Maswa, kesho ni Dar es Salaam, keshokutwa ni Ulaya, na huko ndiko sketi ziliko. Hoja hiyo ina uzito, na baba anayeogopa safari ya binti yake si mtu wa kuchekwa. Yapo mambo mabaya yanayotokea kwenye safari za wanafunzi, na mzazi anayeuliza nani analala na nani, na mwalimu gani wa kike anakwenda nao, anatimiza wajibu wake.

Lakini kanuni hiyo haituruhusu kuhesabu madhara ya upande mmoja tu. Binti unayemzuia uwanjani anakwenda wapi? Tusidanganyane kwamba jioni ile anakwenda kuhifadhi Qur'ani. Mara nyingi anakwenda kwenye simu. Na katika mikoa yetu hii ya Usukumani, ambako thamani ya binti imezoeleka kuhesabiwa kwa idadi ya ng'ombe, kila kinachomfanya aipende shule na kubaki shuleni ni ngao kwake. Mwalimu wa michezo anayemfahamu kwa jina, wenzake wa timu wanaouliza leo mbona hayupo, mashindano ya muhula ujao anayoyasubiri, hayo yote yanamshika. Ukiziba njia inayokwenda kwenye uwanja, angalia usije ukawa umefungua ile inayokwenda kwenye ndoa ya miaka kumi na mitano.

Wengine watasema haiwezekani kabisa kucheza na kujisitiri, maana sheria za michezo zimewekwa na wengine. Hata hilo limebadilika, na limebadilika kwa sababu kuna watu walidai. Juni 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya hijabu. Mwaka 2014 sheria ya mpira wa miguu ikarekebishwa, na Julai 2023, wiki mbili tu baada ya siku ile ya Bariadi, Nouhaila Benzina wa Morocco akacheza Kombe la Dunia la wanawake akiwa amejifunika. Mpira wa kikapu ukaondoa katazo lake mwaka 2017. Ibtihaj Muhammad wa Marekani alivaa hijabu katika Olimpiki ya mwaka 2016 na akarudi na medali ya shaba ya mchezo wa vitara.

Hata kwenye tenisi yenyewe, baada ya Serena Williams kusemwa vibaya mwaka 2018 kwa vazi lake refu la kubana alilovaa Paris kwa sababu za kiafya, chama cha wanawake wa kulipwa kilitamka wazi kwamba kuanzia mwaka 2019 mchezaji anaweza kuvaa suruali ya kubana bila sketi juu yake. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sitara inayotakiwa. Ninachosema ni kwamba sheria za mavazi ya michezo ni maandishi ya watu, na huandikwa upya wahusika wakisimama. Ufaransa nao, ambao mwaka 2024 waliwakataza wanamichezo wao wenyewe hijabu katika Olimpiki ya Paris, mpaka mkimbiaji wao Sounkamba Sylla akalazimika kuvaa kofia siku ya ufunguzi, wanatuonyesha upande wa pili wa shilingi hiyo hiyo. Huko binti anaambiwa vua ndipo ucheze. Kwetu anaambiwa usicheze kabisa. Wote wawili wanamwamulia, na hakuna anayemuuliza anahitaji nini ili acheze na dini yake.

Sasa nirudi kwenye ile fomu.

Mwaka 1994, Bariadi ikiwa bado ni wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, mdogo wangu alichaguliwa kukimbia mita 800 katika mashindano ya shule za sekondari. Baba yetu alikuwa ameshafariki, mimi ndiye niliyekuwa nasimama mahali pake. Aliniletea fomu nitie saini. Nilimsomea mawaidha marefu juu ya mavazi ya wakimbiaji, nikaikunja ile karatasi nikaiweka mfukoni. Haikurudi shuleni. Hakubishana nami. Aliacha kukimbia, na ule moyo aliokuwa nao wa kuwahi shule alfajiri ukaondoka naye taratibu.

Kwa miaka mingi nimejihesabia jambo lile kama jema. Nilikuwa na hoja ya sitara, na hoja yenyewe ilikuwa sahihi. Lakini siku ile Bariadi, aliponiuliza kuhusu fomu, nilijiona nilivyokuwa. Sikwenda kumwona mwalimu wake. Sikuuliza kama angeruhusiwa kuvaa suruali ndefu na kujifunika kichwa. Fundi cherehani alikuwa hatua chache kutoka nyumbani, na kitambaa cha suruali moja kisingenifilisi. Nilichagua kilicho rahisi kwangu nikakiita dini. Katazo halikunigharimu hata senti moja, gharama yote aliilipa yeye.

Tumefundishwa kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchungaji wa Kisukuma anaijua kazi hiyo vizuri. Hawafungi ng'ombe zizini mwaka mzima eti kwa sababu porini kuna fisi. Anatoka nao, anakwenda na fimbo na mbwa, anajua malisho yako wapi na maji yako wapi. Anayewafungia ndani fisi hawatamla ng'ombe wake hata mmoja, ni kweli, lakini atawazika wote kwa njaa.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya shughuli ya harusi, nilimjibu shemeji yangu. Nilimwambia asaini, lakini asisaini halafu akae. Tukaenda pamoja kwa mwalimu wa michezo. Tulimuuliza nani anawasimamia mabinti usiku, tukaambiwa walimu wa kike wawili. Tulimuuliza kama binti anaweza kuvaa suruali chini ya sketi na kujifunika kichwa, akasema hana tatizo, ila hakuna mzazi wa Kiislamu aliyewahi kumuuliza. Neno hilo lilinichoma. Miaka yote tunalalamika juu ya mavazi ya michezo shuleni, na mtu anayehusika hajawahi kuulizwa. Mchana ule fundi akapewa kitambaa. Nilikilipia mimi, na shemeji hakujua kwa nini nilisisitiza kulipa.

Kwa ndugu zangu wa mijini mnaosoma makala hii, sisemi kila binti awe Ons Jabeur. Wengi hawatafika huko, na kazi ile ina mitihani yake ambayo hata yeye imemchosha. Nasema kwamba tuna misikiti yenye viwanja vitupu, tuna shule zetu za Kiislamu zilizozungushiwa uzio mrefu ambamo wavulana wanacheza mpira na wasichana wanatazama dirishani. Saa mbili za jioni kwa wiki kwa ajili ya wasichana peke yao, mwalimu wa kike, na vazi lililoshonwa kwa heshima, je, hayo ni mambo ya kusubiri wafadhili? Tukiyafanya hayo, siku tutakapomwambia binti ajisitiri atatusikiliza, maana atakuwa anamsikiliza mtu anayemjua.

Na tusipoyafanya, basi akitokea mmoja amefika mbali bila sisi, tuwe na haya. Tusikimbilie kumwita wetu akishinda, wala tusikimbilie kumkana akivaa.

Mdogo wangu alipoiona ile suruali imeletwa kutoka kwa fundi, aliikunjua akaipima kwa macho. Akamwita binti yake aje kuijaribu. Kisha akaniambia, "Kaka, hii ingenitosha hata mimi wakati ule." Sikuwa na la kumjibu.